MJADALA: Chama cha Hisani cha Uholanzi kiliwaokoa maskini au kiliwafunga?

Wadau, mwaka 2021 UNESCO iliingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia makazi ya maskini ya Frederiksoord, Wilhelminaoord na Veenhuizen nchini Uholanzi, pamoja na Wortel ya Ubelgiji. Yalianzishwa na Chama cha Hisani cha Jenerali Johannes van den Bosch. Watetezi wake husema wazo lilikuwa jema, likaja kuharibiwa na utekelezaji. Mimi nasema kasoro ilikuwa ndani ya wazo lenyewe.

Mazuri yalikuwepo, tusiyafiche. Chama kilizaliwa mwaka 1818, miaka mitatu baada ya vita vya Napoleon kuiacha nchi hoi, miji imejaa ombaomba. Wanachama walichanga senti tano kwa wiki. Familia isiyo na kitu ilihamishiwa Frederiksoord, ikapewa nyumba, matibabu na shamba la hekta mbili na ushei. Watoto walilazimika kwenda shule, wakati sheria ya elimu ya lazima kwa Uholanzi nzima ilianza kutumika mwaka 1901!

Lakini angalieni tarehe. Ommerschans, makazi ya adhabu ya chama hichohicho, ilifunguliwa mwaka 1819, chama kikiwa na mwaka mmoja tu. Huko walipelekwa ombaomba waliokamatwa, na pia familia za Frederiksoord zilizohesabiwa kuwa kaidi. Veenhuizen ikafuata mwaka 1823, na hadi leo kuna magereza pale. Hilo wazo jema liliharibika lini, kama adhabu ilikuwepo karibu tangu siku ya kwanza?

Chanzo ni imani kwamba maskini ana dosari ya tabia, hivyo anyooshwe kwa kazi na usimamizi. Ajira zilikuwa zimepotea mijini, lakini aliyepelekwa kurekebishwa ni yule aliyekosa ajira. Akapangiwa alime nini na aamke saa ngapi, tena kwenye ardhi ya mchanga isiyo na rutuba. Mwaka 1830 van den Bosch huyohuyo, sasa akiwa Gavana Mkuu kule Java (Indonesia ya leo), koloni la Uholanzi, alianzisha kilimo cha shuruti: wakulima walilazimishwa kulima kahawa, miwa na nili kwa faida ya Uholanzi. Kwangu huo ni mwendelezo wa fikra zilezile.

Najua nitajibiwa kwamba bila makazi hayo wengi wangekufa njaa. Hoja hiyo ni nzito na siibezi. Ila kumlisha mtu hakuhitaji kumnyang'anya haki ya kuondoka.

Sitaki yafutwe kwenye orodha ya UNESCO. Yahifadhiwe, na mgeni aelezwe habari za Ommerschans kabla ya kuonyeshwa nyumba nzuri za Frederiksoord. Mnaotetea, karibuni, ila anzeni na yatima waliochukuliwa mijini wakarundikwa kwenye mabweni ya Veenhuizen. Watoto wale walikuwa na tabia gani ya kurekebishwa?