Mjadala: Je, kilele cha filamu ya sayansi ya kubuni kinahitaji mtu apigwe? (Jina lililo juu ya kila kipande ni la mchangiaji.)

Muswada Kwanza

Hoja iko mezani. Wapo wanaosema filamu ya sayansi ya kubuni isiyo na risasi wala ngumi mwishoni inachosha, na kwamba mtayarishaji anayetaka ukumbi ujae lazima aweke pambano dakika 20 za mwisho. Napinga. Pambano ni njia ya mkato. Kilele kinachobana pumzi kinasimama juu ya jambo moja: mtazamaji awe ameujua mpango kabla haujaanza kuharibika.

Chukua Back to the Future ya 1985. Kijana Marty amesafiri kwa gari linalovuka wakati na amekwama mwaka 1955. Gari lake linahitaji umeme wa gigawati 1.21, na chanzo pekee ni radi itakayopiga mnara wa saa ya mji saa 4 na dakika 4 usiku. Gari liwe limefika maili 88 kwa saa, kama kilomita 142, sekunde ile ile ndoano yake inapogusa waya uliokatiza barabara.

Sasa tazama kazi iliyofanyika mapema. Doc, mwanasayansi aliyelibuni gari hilo, anatengeneza mfano wa mji juu ya meza, anapitisha kigari cha kuchezea chini ya waya, kinashika moto. Watu wanacheka, na huku wanacheka wameshafundishwa kila kitu: radi inaingia wapi, waya unapita wapi, gari linaanzia wapi. Usiku wenyewe ukifika, tawi la mti linaanguka na waya unachomoka. Hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. Doc anahangaika kuunganisha kule juu kwenye ukingo wa saa, chini nako kunaachia. Upande wa pili gari la Marty linazima likiwa bado kwenye mstari wa kuanzia. Hitilafu karibu zote zina mahali pake kwenye ile meza.

Waandishi wengi wanakosea hapo. Wanaficha mpango ili "kushangaza", halafu kwenye kilele mhusika anapiga kelele za vifaa ambavyo hatujawahi kuviona vikifanya kazi. Mtu akikuambia kidhibiti cha plazma kimefika asilimia 80, unajua hiyo ni nzuri au mbaya?

Bisha Hodi

Mkuu, filamu umechagua nzuri lakini kipande umekikata. Kabla ya mnara kuna ngumi ya George, baba yake Marty, usoni kwa Biff, mbabe anayemwonea, na ukumbi mzima huwa unaisubiri ngumi hiyo. Zaidi ya hapo, Doc anapigwa risasi mapema, na ndiyo maana Marty ana haraka ya kurudi kumwonya. Vurugu ndiyo mafuta ya gari lenyewe.

Na mkileta Arrival ya 2016 nitasema hivyo hivyo. Simu ya Louise Banks, mtaalamu wa lugha, kwa Jenerali Shang wa China inasisimua kwa sababu majeshi ya dunia yamevizunguka vyombo 12 vya wageni kutoka angani. Ondoa mizinga, anabaki mama anayeongea na simu. Vurugu mmeihamisha tu, ikawa tishio.

Meza ya Uhariri

Tishio na utatuzi ni vitu viwili, ndugu. Swali lilikuwa kilele kinatatuliwa na nini. Mimi vurugu naipima hivi: mtu anamdhuru mwenzake kwa makusudi, na kudhuru huko ndiko kunakofungua fundo. Kwenye Arrival fundo linafunguliwa na sentensi moja kwa Kichina.

Angalia ilivyokatwa. Kuna hafla ya wakati ujao, ambayo Louise anaiona kabla haijatokea, ambako jenerali mwenyewe anampa Louise namba yake ya simu na kumwambia maneno ya mwisho ya mkewe. Kuna na sasa, ambako ameshika simu isiyo yake na askari wanamtaka aiweke chini. Mhariri hatupi hafla yote kwa mkupuo. Kwanza namba, kisha tunarudi kwenye simu. Kisha maneno, tunarudi tena. Kila mkato unaondoka kabla jibu halijakamilika. Ingeonyeshwa hafla nzima kwanza, simu ingekuwa kukariri kitu tunachokijua, na hapo ingekufa.

Na kama mnataka jaribio la haki, chukueni filamu yenye vyote viwili. Interstellar ya 2014 ina wanaanga wawili, Cooper na Mann, wakigaragazana kwenye barafu. Muda mfupi baadaye Mann anakiunganisha chombo vibaya na kituo kikuu, anapuuza maonyo, anafungua mlango, hewa inafyatuka na kituo kinaanza kuzunguka mara 68 kwa dakika. Watu wanasimuliana lipi? Ugomvi wa barafuni ni wanaume wawili wanasukumana. Kukiunganisha chombo na kituo kinachozunguka ni hatua ambazo mtoto anaweza kuzifuata: jipange kwenye mhimili wake, zungusha chombo chako mpaka mizunguko ilingane, sogea, shika. Kuna shoti moja (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) pale inayofanya kazi yote bila neno: kasi zinapolingana, kituo kinaonekana kimetulia na ni mandhari ya nyuma ndiyo inayozunguka. Mtazamaji anajua wamefanikiwa hatua hiyo bila kuonyeshwa tarakimu.

Fundi Sauti

Niongeze la upande wangu, maana vilele vingi visivyo na mapigano huharibikia kwenye sauti. Watu wanaogopa ukimya. Wanajaza muziki tangu dakika ya kwanza ya onyesho, wanaupandisha kila hatua, na ikifika hatua ya mwisho hakuna pa kupandia.

Gravity ya 2013 haikuogopa ukimya. Vyuma vinapasuka nje na huvisikii vikipasuka, kwa kuwa hakuna hewa ya kubeba sauti. Unachosikia ni mtetemo unaopita kwenye suti pale mwanaanga anapogusa kitu. Mabaki ya setilaiti yanayoizunguka dunia yanarudi kila dakika 90, kwa hiyo saa tayari ipo kichwani mwa mtazamaji na muziki hauna haja ya kumkumbusha.

Filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 ilienda mbali zaidi. Mwanaanga Dave anamzima HAL, kompyuta inayoendesha chombo, kadi baada ya kadi, na tunachosikia ni pumzi ndani ya helmeti na sauti ya HAL inayozidi kuwa nzito inapoimba wimbo wa Daisy Bell. Muziki wa kuhimiza haupo.

Kwa anayepanga sauti: amua kwanza sekunde ya juu kabisa ni ipi, kisha rudi nyuma ukitoa vitu. Ngurumo za chini zitoe sekunde mbili tatu kabla ya tukio, sikio litajinyoosha lenyewe. Na usiweke mlio wa king'ora unaojirudia kwenye onyesho la dakika nne. Baada ya nusu dakika mtazamaji hausikii tena, anauvumilia.

Bisha Hodi

Fundi, umejifunga bao. Kumzima HAL ni kuua. Anaomba, anasema anaogopa, na jamaa anaendelea kuchomoa.

Muswada Kwanza

Hilo nakuachia. Kwa kipimo cha Meza ya Uhariri, HAL ni mtu au si mtu? Filamu yenyewe inakataa kujibu. Ila mlipuko peke yake usihesabiwe kuwa vurugu. Kwenye The Martian ya 2015 wanaanga wanatengeneza bomu kwa sukari na oksijeni ya kimiminika, wanalipua mlango wa chombo chao wenyewe ili hewa inayotoka iwapunguzie kasi wamdake mwenzao. Hakuna adui pale. Kuna kasi iliyozidi.

Dada wa Bajeti

Kaka zangu, mnazungumza kama fedha hazipo. Kwa mtayarishaji wa Nairobi au Dar, pambano maana yake bunduki za maigizo na kibali chake, msimamizi wa silaha, watu wa stanti (wanaoigiza matukio ya hatari), bima, na siku za mazoezi kabla kamera haijawashwa. Kilele cha mikono na mitambo hakina hayo.

Lakini kisiitwe rahisi. Kosa linalojirudia ni kurudi na nyuso tupu: waigizaji wametoa jasho, wametoa macho, na hakuna shoti hata moja ya kitu wanachokihangaikia. Mhariri atafanya nini? Kama kuna geji, irekodi ikiwa salama, ikiwa karibu na mstari mwekundu, na ikiwa imeupita. Kama kuna vali, rekodi mkono ukikaribia, ukishika, ukiteleza, ukigeuza. Tenga nusu siku kwa shoti hizo za karibu, na usizisukumie mwisho wa ratiba, kwa sababu huko ndiko zinakofutwa.

Jingine: hitilafu zisizidi tatu, na ya pili itokane na marekebisho ya kwanza. Ukirundika bahati mbaya tano zisizohusiana, ukumbi unaanza kucheka.

Mfano wa kwetu upo. Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya 2009, haifiki nusu saa. Asha anatoka kwenye mji uliofungwa, anavuka jangwa, anapanda mche na kuumwagilia maji yake ya mwisho. Ndicho kilele.

Bisha Hodi

Dada, Pumzi ni nzuri, ila saa iko wapi? Hakuna radi, hakuna anayehesabu. Na walinzi wamemtoa Asha kwa nguvu kabla hajatoroka. Tishio lile lile.

Ndiyo maana nawakumbusha E.T., filamu ya mwongozaji Steven Spielberg kuhusu kiumbe kutoka angani. Mwaka 2002 Spielberg alitoa toleo jipya ambamo bunduki za maofisa zilibadilishwa kwa kompyuta zikawa redio za mkononi. Toleo la 2012 bunduki zilirudi. Kama tishio halina kazi, kwa nini zirudishwe?

Meza ya Uhariri

Zilirudi, na bado hakuna iliyofyatuliwa. Fundo linafunguliwa na baiskeli kuondoka ardhini. Tena onyesho lile la mwisho Spielberg alimwacha mtunzi wa muziki John Williams aongoze okestra kwa mwendo wake bila kufuata picha, kisha picha ndiyo ikahaririwa upya ifuate muziki. Bunduki zinaleta tishio, sawa, lakini msisimko unajengwa na vipimo vya namna hiyo.

Dada wa Bajeti

Saa ya Pumzi ni maji, Bisha. Tangu dakika za mwanzo tunaona watu wakisafisha mkojo na jasho lao ili wanywe, kila tone lina hesabu. Kwa hiyo Asha anapoinamisha chupa juu ya mche, mtazamaji anajua ni kiasi gani kimebaki na anajua hakuna pa kupata kingine. Ondoa walinzi wote kwenye filamu ile, onyesho hilo halitapungua hata kidogo. Ondoa zile dakika za kusafisha mkojo, utabaki na msichana anayemwagilia mti.

Bisha Hodi

Kwenye maji umenibana. Kwenye walinzi bado. Bila wao angepanda mche bustanini kwao na filamu isingekuwepo.