Tupeane uzoefu: hadithi ya maajabu iliyokukamata kwanza, uliipatia wapi?

Mwana Katonga (Kigoma)
Wadau wa Kigoma na Tabora, habari za jioni. Juzi kijiweni tulibishana muvi za anga na za uchawi mpaka kahawa ikapoa, nikaona bora tuhamie huku. Sitaki kumi bora, hizo zimejaa kila mahali. Nataka ile ya kwanza kabisa: iwe ya vyombo vya angani, roboti, majini au falme zisizokuwepo. Ulikuwa wapi ilipokunasa? Na ukiirudia leo bado ina ladha, au ulikuwa utoto tu?

Naanza mimi. Darasa la tano, kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, tumebanana kwenye mabenchi, turubai limezibwa dirishani. Mkalimani anaongea kabla hata stelingi hajafungua mdomo. Muvi ilikuwa ya roboti, jina lake silijui mpaka leo maana mkalimani aliipa la kwake. Imebaki robo saa, roboti limezingirwa na wanajeshi, umeme ukakata. Mwenye banda akasema njooni kesho. Kesho yake mkanda ulikuwa umeshakwenda Ujiji.

Jirani yetu mmoja, kanizidi miaka miwili, akaniambia yeye kaiona yote kule Mwanga. Akanisimulia mwisho wake tukiwa tunaanika dagaa. Nimeishi na mwisho ule miaka kumi na minne. Nilipoipata kwenye flashi nikiwa chuo, kumbe wanapiga kombora, moshi, majina yanaanza kupanda. Basi. Nilinuna siku nzima. Ule wa jirani aliutunga papo hapo, mikono imejaa magamba, na ulikuwa bora mara mia.

Kijana wa Isevya (Tabora)
Sasa mbona hujausema huo mwisho?

Mwana Katonga
Tulia mkuu. Changia kwanza.

Mpenda Asali (Tabora)
Mimi yangu nina ugomvi nayo, kwa hiyo nivumilieni.

Kidato cha tatu, maktaba ya shule, kitabu hakina jalada. Nafungua katikati nakuta watu watatu wanaelea na puto juu ya Kazeh. Kazeh! Nikaenda kumuuliza mwalimu wa historia, akasema ndiyo Tabora hiyo hiyo, jina la zamani. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu. Ulikuwa hujawahi kuona mji wako ndani ya hadithi ya kubuni, halafu unaukuta kwenye kitabu cha mwaka 1863.

Ni Cinq semaines en ballon cha Jules Verne, yaani wiki tano ndani ya puto. Daktari Fergusson anaondoka Zanzibar na rafiki yake na mtumishi wake, wanavuka Afrika kwa puto mpaka Senegal. Verne mwenyewe hajawahi kukanyaga huku, alijisomea habari za wasafiri. Burton na Speke walikuwa wameshafika Kazeh mwaka 1857, na walichoandika kikawasha kichwa cha mtu aliyekaa zake Ufaransa.

Ugomvi wangu ni huu. Puto linashuka, watu wa Tabora wanadhani ni mwezi umeshuka na hao wazungu ni watoto wa mwezi. Daktari anapelekwa kumtibu sultani anayekufa kwa ulevi. Mambo yanakwenda vizuri mpaka jioni, mwezi wenyewe unachomoza. Miezi miwili! Watu wanacharuka, wageni wanakimbilia puto, na mganga mmoja anang'ang'ania nanga, anapaa nayo mpaka wanamshusha huko mbele porini.

Kama mchezo wa kuchekesha, mwezi kuchomoza wakati ule ni ufundi, sikatai. Lakini babu zangu walikuwa watu wa misafara! Mnyamwezi alibeba pembe mpaka Bagamoyo akarudi, usiku mwingi akitembea au kulala chini ya mwezi huo huo. Ndiye ashindwe kutofautisha mwezi na mfuko wa hariri? Huyo Verne alisikia neno Unyamwezi, akatafsiriwa kuwa ni nchi ya mwezi, akajenga kichekesho chote juu ya jina. Nimekisoma mara nne. Kila mara nikifika Kazeh nakasirika, na kila mara nakifikia mbio mbio.

Fundi Sola (Kigoma)
Mpenda Asali, hata ukiacha mwezi, kitabu hicho kina dhambi nyingine. Fergusson anabeba maji na betri, anayatenganisha apate haidrojeni na oksijeni, anaziwasha, na moto huo ndio unapasha joto gesi ya kwenye puto ili apande na kushuka bila kutupa mizigo. Ujanja mzuri sana kwenye karatasi. Ila puto lenyewe limejaa haidrojeni! Moto chini ya haidrojeni! Sisi tukifunga betri kwenye chumba kisicho na dirisha tunagombezwa, yeye anavuka bara zima.

Hata hivyo ndiyo aina ninayoipenda mimi. Mwandishi anakuonyesha waya unapita wapi. Hizi za fimbo inatoa radi bila maelezo hazinipandi.

Mama Madumu (Tabora)
Za fimbo usizitukane, wengine ndizo zinatulaza usingizi.

Yangu ni ya ukubwani, samahani mleta mada. Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Haifiki hata nusu saa. Vita vya maji vimekwisha, watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, jasho na mkojo vinasafishwa vinarudi kuwa maji ya kunywa. Dada mmoja, Asha, anatumiwa udongo usiojulikana umetoka wapi, anaweka mbegu, inachipua. Anatoroka kwenda kuipanda jangwani.

Nimeiangalia kwenye simu ya mwanangu. Yeye anashangaa mashine, mimi naangalia ile chupa ndogo ya maji anavyoigawa: huku anakunywa, huku anampa mche. Mkono wangu unaijua hiyo hesabu. Miaka tuliyokuwa tunategemea bwawa la Igombe, kabla maji ya Ziwa Victoria hayajaletwa, kiangazi nilikuwa na madumu manne ya kugawa: kupika, kufua, mtoto, na ndimu yangu pale mlangoni. Mume wangu alikuwa ananiuliza hiyo ndimu inakupa nini. Ilizaa mwaka wa sita.

Kijana wa Isevya
Mimi muvi ya Black Panther 2018, simu ya mshikaji, kioo kimepasuka. Watu wa Wakanda, ile nchi ya kubuni, wanaongea Kixhosa. Kiswahili kilikosa nini?

Fundi Sola
Kiswahili kilishaenda angani zamani. Uhura wa Star Trek, ile tamthilia ya vyombo vya angani, tangu 1966, jina lake limetokana na uhuru. Na ile muvi ya Star Wars ya 1983, yule rubani msaidizi mwenye mashavu yaliyoning'inia, sauti aliiweka Mkenya, anaongea lugha za kwao. Wakenya ukumbini walikuwa wanamwelewa wenyewe bila mkalimani.

Mwalimu Mstaafu (Ujiji)
Vijana, hamjambo. Mnakwenda mbali. Yangu ni Adili na Nduguze, Shaaban Robert, 1952.

Kijana wa Isevya
Shikamoo mwalimu. Lakini hicho si cha mtihani?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Ndiyo tulivyokiua. Nami nimo kwenye kosa hilo, nimefundisha miaka mingi nikiuliza dhamira ni nini, fundisho ni nini. Sikumbuki hata mara moja kuuliza darasa: mliogopa wapi?

Kisomeni kama mnavyoangalia muvi zenu. Liwali anayependwa na watu, mwenye adabu, kila usiku anafungua chumba na kuwapiga viboko manyani wawili. Kisha analia nao, anawalisha. Mfalme anataka kujua sababu. Manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, walimtosa baharini kwa wivu, jini akawageuza. Na jini huyo ndiye aliyeamuru viboko. Adili akiacha usiku mmoja, yeye mwenyewe anapata taabu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nalala chumba kimoja na kaka zangu wawili. Nililala uso nimewageukia mwezi mzima.

Na Kusadikika, 1951, ni nchi nzima inayoelea hewani! Karama amesimama kizimbani anasimulia wajumbe waliotumwa kila upande, pamoja na juu na chini. Mngeiona kwenye skrini mngelipia kiingilio mara mbili.

Fundi Sola
Mwalimu, kwa heshima zote, hiyo ni fasihi. Fantasia ni kitu kingine.

Mwalimu Mstaafu
Watu wamekuwa manyani, jini anatoka, nchi iko hewani. Ulitaka nini kingine, joka lenye leseni?

Mpenda Asali
😂😂 Fundi, kaa chini.

Mzee wa Bandari (Kigoma)
Mimi muvi sina. Nilikuwa kuli. Ila mkitaka hadithi: Wajerumani wanaunda meli kwao Papenburg mwaka 1913, wanaifungua vipande, wanaileta kwa bahari, wanaipandisha treni mpaka hapa, wanaiunganisha tena. 1915 inaingia Ziwa Tanganyika. 1916 wanaizamisha wenyewe, lakini kwanza wanaipaka mashine zake grisi. 1924 Waingereza wanaiibua. 1927 inabeba abiria, wanaiita Liemba. Wajukuu zangu nikiwasimulia wananiuliza iko sehemu ya ngapi.

Mvuvi wa Kibirizi (Kigoma)
Shikamoo mzee. Mimi za anga naziangaliaga usiku kazini. Siku za giza tunatoka na taa kuvua dagaa, ukigeuka nyuma unaona mamia ya taa juu ya maji, huwezi kujua ziwa linaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Kuna muvi ilikuwa na kundi la vyombo vya angani limeegeshwa gizani, mwenzangu ambaye hajawahi kuvua akasema picha nzuri hiyo wameitengeneza kwa kompyuta. Nikamwambia njoo na sweta, nikuonyeshe bure.

Ila Mwana Katonga, tupe mwisho wa roboti.

Mwana Katonga
Haya. Wanajeshi wamelizingira. Roboti linawaangalia mmoja mmoja, halafu linageuka, linaingia ziwani taratibu. Maji magotini, kifuani, kichwa kinazama. Linatembea chini kwa chini kwenda Kongo. Huku juu watu wa Kigoma wanaona mapovu tu yanakata ziwa, usiku kucha. Asubuhi mapovu yanasimama katikati. Halijatoka upande wa pili. Na jirani alimalizia hivi: "Bado limekaa, linasubiri."

Mpaka leo nikioga ufukweni siendi kwenye kina.

Fundi Sola
Ziwa lina kina cha mita 1,470, na ukishuka zaidi ya mita mia mbili hivi oksijeni hakuna, hata samaki hawakai huko.

Mvuvi wa Kibirizi
Roboti linahitaji oksijeni ya nini?

Fundi Sola
...

Fundi Sola
Hata kutu halitapata.