Fibromayalgia: kukandwa, kuoga ziwani au mazoezi? Wana Mwanza naomba uzoefu

FundiMakoroboi
Mwangaluka wakuu. Ni fundi cherehani, miaka 41. Huu mwaka wa tatu mwili wote unauma: mabega, kiuno, mapaja, mpaka vidole. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nimetibiwa tifodi mara nne, yutiai hata sihesabu, na majirani wameshasema nimetupiwa kitu. Juzi daktari kapima damu, tezi ya shingo, baridi yabisi, vyote safi. Kasema ni fibromayalgia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, nikaanze fiziotherapia.

Sasa hela yangu ni ya njia moja tu. Kuna kliniki wanakanda na kuweka mashine ya umeme, mara mbili kwa wiki. Kuna mtaalamu wa mazoezi, yeye hakandi kabisa. Na dada yangu wa Nyegezi anasema hizo zote za nini, niwe naoga ziwani kila asubuhi, maji yatanilegeza. Nani kapita huko?

MamaDagaa_Kirumba
Pole mwenzangu. Mimi nilianza na kukandwa. Sikudanganyi, siku hiyo unalala kama mtoto mchanga. Keshokutwa yake maumivu yako palepale yanakusubiri. Kuna kijana alinipandia na viwiko eti anavunja mafundo; wiki nzima nilishindwa kuinua beseni la dagaa. Hela yake alichukua yote.

Fizio_Ilemela
Hii ndiyo kazi yangu, ngoja nichangie. Dada, misuli yako haijaoza. Mishipa ya fahamu ndiyo imekuwa kama mbwa wa geti anayebweka hata mwenye nyumba akiingia. Ndiyo maana vipimo ni safi na maumivu ni ya kweli. Zamani, kwa vigezo vya 1990, daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili, zikiuma 11 unaitwa mgonjwa. Vigezo vya 2010 viliachana na kubonyeza, vikaangalia maumivu yameenea wapi, uchovu, usingizi na kusahausahau.

Kwenye ulinganisho wako: mwaka 2016 mabingwa wa baridi yabisi wa Ulaya walipitia tiba zote hizi, na moja tu ndiyo waliyoipa pendekezo la nguvu. Mazoezi. Dawa hazikufika hapo, kukandwa hakukufika. Mashine ya umeme ina nafasi yake, inapunguza maumivu ili uweze kusogea, ila ukilala nayo kitandani halafu ukarudi nyumbani kukaa, umelipia usingizi.

Ziwa hapana. Maji yanayotumika kwenye tiba ni ya uvuguvugu, nyuzi 32 hadi 34 hivi, kwenye bwawa safi. Ziwa letu ni baridi kuliko hapo, na pwani zake zina kichocho.

Kijana_wa_Kamanga
Mkuu unatisha watu. Sisi tumekua tunaoga humo, kichocho tunakisikia tu.

Fizio_Ilemela
Kukisikia tu ndiyo tabia yake, kinakaa miaka kimya. Hizo prazikwanteli, dawa za kichocho, wanazomezeshwa watoto shuleni unadhani ni pipi?

Mwalimu_Igoma
Mimi ni mwanaume na ninayo, wanaosema ni ugonjwa wa akina mama wanisamehe. Dada, mazoezi yatakushinda ukianza kwa kishindo. Mimi nilikimbia siku ya kwanza, nikalala siku nne, nikatangaza kwamba mazoezi yanaua. Kosa halikuwa la mazoezi. Na siku nzuri ndiyo mtego wenyewe: unaamka mwepesi, unafua, unapalilia, unapanda mlima Mabatini kusalimia wakwe, kisha unalipia kwa maumivu mpaka Jumatano.

Diklofenaki nilimeza mpaka tumbo likagoma, maumivu hayakutikisika. Daktari alinipa dawa ya amitriptilini, kidogo, ya usiku, usingizi ukarudi. Muulize wako.

FundiMakoroboi
Asante mwalimu. Sasa naanza na kiasi gani? Nusu saa?

Fizio_Ilemela
Nusu saa utatuchukia! Angalia siku yako mbaya unaweza kutembea dakika ngapi bila kulipia kesho yake. Kama ni saba, anza na tano. Tano hizohizo siku nzuri na siku mbaya, wiki mbili, ndipo uongeze moja au mbili. Kuuma kidogo zaidi jioni ni kawaida. Kukiendelea siku mbili, rudi nyuma. Ongeza kukaa na kuinuka kwenye kiti mara tano. Tembea tambarare, huko kwenye mawe ya milimani bado. Hela yako moja ilipe mtaalamu wa mazoezi akupangie na kukukagua mara moja kwa mwezi, zingine unafanya bure nyumbani.

Na cherehani: kila ukimaliza mkono mmoja wa shati, inuka.

FundiMakoroboi
Wateja wa sare za shule watanielewa kweli? Haya, nitajaribu. Dada wa Nyegezi nitamjibu mwenyewe.

MamaDagaa_Kirumba
Njoo tuanze wote, saa kumi na mbili asubuhi, twende mpaka Mwaloni.

FundiMakoroboi
Mama, kutoka kwangu mpaka Mwaloni! Dakika zangu ni tano.

MamaDagaa_Kirumba
Basi nakufuata mimi. Tuishie kwa muuza uji.