Mama ana uvimbe kwenye figo: tuanze na kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupima maabara) au aende moja kwa moja kwenye upasuaji? Naomba ushauri

MtotoWaUjiji
Habari zenu wakuu, naandika kichwa hakijatulia kwa hiyo mtanivumilia maelezo yakiwa marefu.

Mama yangu ana miaka 61, tuko hapa Ujiji, ni mtu wa kuhangaika na biashara yake ya mawese na dagaa, hajawahi kulazwa zaidi ya kwenda kujifungua, ana presha tu ambayo anameza dawa. Akawa analalamika maumivu juu kulia ya tumbo, sisi tukajua ni vidonda vya tumbo, kupigwa utrasaundi pale hospitali ya Maweni nyongo ikaonekana safi ila figo ya kulia ina kitu. Tukapewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Siti skani ikasema uvimbe wa sentimita 5.2 chini ya figo, unavuta ile dawa wanayochoma mshipani, mshipa mkubwa wa figo hauna shida, tezi hazijavimba, ini na mapafu safi. Damu kwenye mkojo hajawahi kuiona hata siku moja.

Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo akasema kwa muonekano huu uwezekano mkubwa ni saratani na akashauri upasuaji, ama watoe kipande chenye uvimbe ama figo nzima. Kuchukua kinyama hakukutaja kabisa. Tumerudi Kigoma kujipanga na hela na kukaa kikao cha familia na hapo ndo mambo yakaharibika, mjomba amekomaa kwamba dada yake hatolewi figo kabla kinyama hakijapimwa maana wakikuta haikuwa saratani nani atairudisha? Mama mkubwa naye anasema uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa mwili mzima, kuna mzee Kasulu anatoa dawa za mizizi tumpeleke huko kwanza. Mama mwenyewe ananiambia "mwanangu, nyie mlioenda shule amueni," na mimi ndo mkubwa.

Kwa aliyepitia hili au anayefanya kazi hospitali, mjomba ana hoja au anatuchelewesha? Na mtu wa umri huo anaishije na figo moja?

Kibirizi_Kwetu
Pole sana mkuu, pole na kwa mama. Nafuatilia uzi maana shangazi yangu ana kitu kinafanana.

SistaWaWodi
Pole kaka. Mimi ni muuguzi wodi ya upasuaji, sio daktari, kwa hiyo nayosema kayapime kwa daktari wenu.

Mjomba anauliza swali la maana ila figo haiendi kama titi. Kwenye titi kinyama kinachukuliwa kwanza karibu kila mara. Kwenye figo ile picha ya siti skani yenye dawa inaongea sana, uvimbe mgumu unaovuta dawa na una ukubwa huo wa mama, mara nyingi sana unakuja kuwa saratani kweli, ndo maana mabingwa wengi wanaenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Kuna uvimbe mmoja wa mafuta sio saratani, ila ule mafuta yake kwa kawaida yanaonekana kwenye picha yenyewe na daktari angewaambia.

Swali la kumuuliza daktari ni hili: majibu ya kinyama yatabadilisha nini kwenye mpango wake? Kama yakija "ni saratani" anafanya upasuaji, na yakija "hatujaona saratani" bado ataogopa kuuacha maana sindano inaweza kuwa imechukua pembeni, basi hicho kinyama kimewaongezea safari na gharama tu. Lakini zipo hali kinasaidia kweli. Uvimbe mdogo chini ya sentimita 4 ambapo kama 1 kati ya 5 unakuta sio saratani. Mgonjwa ambaye amewahi kuugua saratani sehemu nyingine ikahofiwa imehamia kwenye figo. Mgonjwa mwenye homa homa, ambapo inaweza kuwa jipu au TB ya figo. Mgonjwa ambaye imeshasambaa na anatakiwa kuanza dawa, huyo lazima ijulikane ni aina gani. Na mtu ambaye upasuaji ni hatari sana kwake, moyo mbovu au figo moja tu.

Na mwambie mjomba kinyama kitapimwa, tena uvimbe wote utaenda maabara baada ya kutolewa, sio kipande cha sindano. Tofauti ni kwamba majibu yanakuja baadaye.

MnyamweziHalisi
Sista umeeleza vizuri ila niongezee upande wa pili watu wasidhani kinyama hakina kazi. Mzee wangu wa hapa Tabora aligundulika na uvimbe sentimita 2.6, na yeye presha na sukari vyote anavyo, figo zenyewe zilishaanza kuchoka, kreatini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) iko juu. Daktari alisema kwa mtu huyu siwezi kuchezea figo bila kujua naondoa nini, akachomwa sindano mgongoni huku wanaangalia kwa utrasaundi, amelala kifudifudi, wakampiga ganzi ya pale pale tu. Alikojoa damu kidogo ikakata yenyewe. Majibu yakaja sio saratani na mpaka leo anafuatiliwa kwa picha tu, hajakatwa. Kwa hiyo mkuu kamuulize daktari kwa heshima kabisa, sio kwa kumshuku, atakujibu kwa nini kwa mama hakuona haja. Daktari mzuri hachukii hilo swali.

Mgebuka
Mi naona jaribuni kwanza hizo dawa za asili hata mwezi mmoja tu, zikishindikana ndo muende kwenye kisu. Watu wamepona huko.

SistaWaWodi
@Mgebuka ndugu yangu hapa naomba nisikubaliane na wewe waziwazi. Ipo mizizi na majani ambayo inajulikana kabisa inaua figo, na huyu mama anakaribia kubaki na figo moja, hiyo moja ndo inatakiwa iingie chumba cha upasuaji ikiwa nzima. Sisemi mama mkubwa asisikilizwe, anaongea kwa kumpenda mdogo wake, ila kitu chochote cha kunywa kisichojulikana kisimamishwe kuanzia leo. Na diklofenaki za dukani za kutuliza maumivu nazo asimeze, bora parasetamo kwa kiwango chake.

MtotoWaUjiji
Asanteni sana, mmenifungua. Sista hilo la kusambaa nimjibu vipi mama mkubwa? Maana anatoa mfano wa jirani yetu kabisa, alipasuliwa akafa ndani ya miezi michache.

SistaWaWodi
Mwambie kwa upole kwamba wengi wanaokufa haraka baada ya kupasuliwa walifika hospitali ugonjwa umeshatembea, kisu kikapewa lawama. Upasuaji wa figo daktari anajitahidi autoe uvimbe bila kuupasua. Hata sindano ya kinyama, saratani kufuata njia yake imewahi kutokea ila ni nadra sana, hatari ya kila siku ni kuvuja damu na mara nyingi inakuwa kidogo.

Na saratani ya figo haisikii dawa za kawaida za kemo wala mionzi kama zingine zinavyosikia. Ikiwa bado imekaa ndani ya figo kama ya mama, kuitoa ndo tiba yenyewe. Hii ndo sababu nawaambia msikae kikao kila wiki. Sio kwamba itasambaa kesho asubuhi, wiki chache za kujipanga hazina shida, ila msiifanye miezi.

FigoMoja2016
Mkuu mimi naishi na figo moja tangu 2016, ya kushoto ilitolewa kwa uvimbe mkubwa kuliko wa mama yako. Nalima, nafunga Ramadhani kwa ruhusa ya daktari, naendesha pikipiki. Figo iliyobaki inaongeza kazi yenyewe taratibu, kinachotakiwa ni ile ya pili iwe nzima, kwa hiyo kabla ya upasuaji ulizeni kreatini ya mama ni ngapi na figo ya kushoto ikoje.

Ila msikubali haraka haraka figo nzima kama kipande kinawezekana. Sentimita 5.2 na upo chini ya figo, ulizeni kama umetokeza nje au umezama katikati karibu na mishipa. Ukiwa nje bingwa mzoefu anaweza kukata kipande akaacha figo, na kwa mtu wa presha kila kipande cha figo kina thamani. Kama hospitali mliyopo hawafanyi hivyo sana waombeni maoni ya pili, Muhimbili wanafanya, hospitali ya KCMC Moshi pia kitengo chao cha mkojo ni cha siku nyingi. CD ya siti skani mnayo? Hiyo tembeeni nayo, karatasi ya majibu peke yake haitoshi.

Baada ya upasuaji kidonda kinauma hasa ukikohoa, mimi nilikuwa nashika mto tumboni. Wanakuamsha utembee mapema hata kama hutaki, usikatae, damu isije kuganda miguuni. Kubeba ndoo ya maji asahau kwa wiki kadhaa, na lile basi la Mwanza Kigoma kupitia Kibondo asipandishwe siku ya kuruhusiwa, tafuteni ndugu Mwanza akae kwake kwanza mpaka arudi kliniki.

Kibirizi_Kwetu
Hapo kwenye CD umenisaidia na mimi, shangazi walimpa akaiacha nyumbani.

MtotoWaUjiji
Mrejesho wakuu. Jana nimempigia daktari, nikaweka spika mjomba na mama mkubwa wakiwepo. Nikamuuliza lile swali la Sista, kinyama kitabadilisha nini. Akasema kwa picha aliyoiona hakitabadilisha, mama hana historia ya saratani, hana homa, moyo uko vizuri. Akasema uvimbe umetokeza nje zaidi ya nusu kwa hiyo atajaribu kipande, lakini tusaini tukijua damu ikiwa nyingi au akikuta umeingia ndani atatoa yote, na figo ya kushoto ipo vizuri. Mjomba akauliza maswali yake yote, daktari akayajibu moja moja, mwishoni mjomba akasema "haya, mimi nitasindikiza." Mama mkubwa bado hajaridhika moyoni ila amekubali dawa za mizizi zisimame mpaka upasuaji upite, na mama mwenyewe safari hii nilimuuliza yeye, nikamwambia mwili ni wako, akasema nipelekeni.

Tumeambiwa tuandae ndugu wa kuchangia damu. Wanatakiwa watoke huku Kigoma au wa Mwanza wanatosha?

SistaWaWodi
Wa Mwanza wanatosha, waende kuchangia kabla ya siku ya upasuaji sio asubuhi ile ile, na wale chakula kwanza. Kundi lao sio lazima lifanane na la mama, benki ya damu inabadilishana. Dirisha la bima mkapite mapema mkiwa na fomu ya rufaa, muulize kipi kinalipiwa na kipi mtatoa mfukoni. Dawa ya presha muulize daktari asubuhi ya upasuaji anaimeza au anaiacha, msijiamulie.

MtotoWaUjiji
Sawa sista, naandika yote. Kama kuna mdau yupo Mwanza karibu na Bugando anajua nyumba ya wageni ya bei ya kawaida kwa watu wawili watatu anitumie ujumbe tafadhali, tunaondoka wiki ijayo.