Sangara wa Murchison amenikatia uzi

Ndugu wavuvi, Jumamosi nilikaa tangu alfajiri chini ya maporomoko ya Murchison huko Uganda, pale Nile inapojibana kwenye mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Sangara akadaka, akaruka, akatikisa kichwa. Uzi tap! Bado roho inaniuma. Nibadili nini?

— Pole kaka. Ulikatikia wapi?

— Shibiri moja juu ya ndoana, mzee.

— Basi ni mdomo wake, unakwaruza kama msasa. Funga kipande cha uzi mnene mwishoni. Na usirushe katikati ya mkondo. Rusha maji ya kasi yanapopakana na yaliyotulia, ndipo anapovizia. Mimi natumia samaki mdogo aliye hai.

— Usisimame ukingoni kabisa, mamba wamejaa pale!