Naombeni ushauri: nirekodi visanamu vikiwa vitupu au nivipake rangi kwanza?

Wakuu, habari zenu. Nina boksi la DreadBall, ule mchezo wa mezani wa Mantic Games uliotoka 2012, wa mpira wa karne zijazo, na nataka kurekodi video ya kulifungua na kuuchambua. Tatizo ni pupa yangu: nimeshakata visanamu viwili kutoka kwenye plastiki iliyovishikilia kabla ya kuwasha kamera, na straika mmoja nimempinda mkono. Nasikia maji ya moto kisha ya baridi hunyoosha plastiki. Aliyewahi kujaribu, yawe ya moto kiasi gani?

La pili ndilo linaninyima usingizi. Bila rangi, kwenye kamera straika na mlinzi wanafanana, wakati mlinzi haruhusiwi hata kuugusa mpira. Mtazamaji atamfuata nani? Nipake timu nzima, au vile vitako vinavyosimamia visanamu tu vinatosha?

Halafu mechi ina zamu 14, saba kila upande, labda mmoja aongoze kwa pointi 7, hapo imeisha. Nioneshe zote? Mie naona tatu zinatosha, ila mke wangu kasema yeye ya pili atakuwa kashalala.