Naomba ushauri: saraka ya NFS inagandisha kompyuta mtandao ukikatika

Ndugu wataalamu, kompyuta yangu ya Linux huunganisha saraka ya seva ya mbali kwa NFS (mfumo wa kutumia faili za seva nyingine kupitia mtandao), kupitia mstari ulioandikwa katika /etc/fstab, faili linaloorodhesha saraka na diski za kuunganishwa, na kila mtandao unapokatika, programu yoyote inayosoma saraka hiyo huganda, hata amri ndogo kama ls hairudi mpaka seva ipatikane tena. Ninaelewa kwamba ndivyo chaguo la NFS liitwalo hard linavyofanya kazi, na kwamba soft, ingawa huiachia programu baada ya muda, inaweza kuharibu data inayoandikwa. Hilo siwezi kulikubali, kwa kuwa humo mna kazi za watu wengi. Je, autofs, inayounganisha saraka pale tu inapohitajika, itatosha, au nihamie SSHFS, inayounganisha saraka ya mbali kupitia muunganisho salama wa SSH? Naomba majibu ya wenye uzoefu.